Sungura Hana Medali

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Mtu akikimbia mbele yako, akakukatia upepo, akakuvuta weee, halafu akajitoa pembeni wewe ukaukata utepe, ushindi ule ni wa nani? Usijibu haraka. Mimi nimekaa nalo miaka na bado.

Wapenzi wa riadha wanaijua London ya Aprili. Mji wa kale, njia tambarare, mbio zinaishia karibu na kasri la Buckingham. Lakini mkimbiaji mkubwa haendi pale kutazama majengo, anakwenda kutafuta muda. Na muda hutafutwa na sungura. Ndivyo Wazungu wanavyomwita mtu anayelipwa kuweka kasi: anaanza na wakubwa, anapeleka mwendo waliokubaliana, kazi ikiisha anatoka njiani. (Sungura wa hadithi za bibi zetu asingeikubali kazi hiyo, labda alipwe kwanza.)

Tarehe 13 Aprili 2003 Paula Radcliffe wa Uingereza alimaliza pale kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia ya wanawake. Sambamba naye walikimbia wanaume wawili wa Kenya walioajiriwa kwa kasi. Mwaka 2011 wakubwa wa riadha wakatamka kwamba muda uliopatikana pamoja na wanaume usihesabiwe tena rekodi ya dunia. Kelele zikapigwa, wakarudi nyuma. Rekodi ikabaki mpaka 2019, Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago. Sasa angalia. Watu walibishana kama rekodi ni ya Paula au siyo. Sikusikia aliyeuliza kama kuna kipande cha wale wawili.

Utasema walilipwa, yameisha. Sawa, fundi aliyejenga nyumba hadai kulala chumbani. Lakini huku kwetu Upareni kuna msaragambo. Kijiji kizima kinapanda na majembe kuzibua mfereji au kutengeneza ndiva, lile bwawa la kukinga maji ya kumwagilia, na hakuna jina linaloandikwa popote. Nikadhani nimepata jibu. Kumbe wapi! Kwenye msaragambo jina halikai, ila maji yatafika shambani kwako kwa zamu. Kule London anakunywa mmoja.

Basi waondolewe? Mbio za ubingwa wa dunia hazina sungura wa kulipwa. Alphonce Simbu wetu alichukua dhahabu Tokyo, Septemba 2025, kwa 2:09:48. Safi kabisa. Lakini mpaka hatua za mwisho aliyekuwa mbele ni Amanal Petros wa Ujerumani, na tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Hata bila mshahara, mtu alikuwa anakata upepo.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kuwa sungura. Tulikuwa vijana Same, tukikimbia alfajiri kwenye lami ya kwenda Hedaru, mbele tambarare, milima kushoto. Siku ya mchujo wa kilomita kumi mimi na rafiki yangu tulikubaliana nimvute mpaka ya saba, maana mimi nilikuwa moto mwanzoni, mwisho hamna kitu. Nikamvuta. Nikakaa kwenye jiwe, nikamwangalia anavyopungua mpaka akawa nukta. Alichaguliwa.

Krismasi iliyopita alirudi nyumbani. Pale stendi akawa anawasimulia wadogo zetu: "Siku ile nilikimbia peke yangu, bwana." Sidhani kama alikusudia kudanganya. Zile tatu za mwisho kweli alikuwa peke yake, pengine ndizo anazozikumbuka. Mimi nazikumbuka saba. Nikanywa soda yangu, nikanyamaza. Na kunyamaza kule ndiko kunakonisumbua kuliko maneno yake: ulikuwa ustaarabu, au nilitaka tu nijione mwema?

Kesho yake alfajiri akanigongea dirisha, eti tunyooshe miguu kidogo. Nikatoka. Hatujafika mbali upepo ukaanza, naye akarudi nyuma yangu bila kusema neno.