Nani Ampimie Jirani Hatari Yake?

Sisi tukaao Magole twajua maana ya kuishi karibu na kitu chenye nguvu. Mwezi wa Januari 2014 mto Mkundi ulifurika, maji yakaingia majumbani hapa na Dumila, daraja la njia kuu iendayo Dodoma likaharibika, na watu wengi wakalala katika mahema. Hata hivyo wako waliorudi pale pale, maana udongo ulioachwa na maji huzaa vema. Tusiwaite wajinga. Wanaujua mto; wakiona mawingu yamekaa milimani hawangoji kuambiwa na mtu.

Lakini itakuwaje ikiwa hatari yenyewe haionekani kwa macho, wala haina harufu, nao waijuao ni wataalamu wachache tu? Swali hili si la mbali. Huko Uyombo, katika Kilifi ya Kenya, wavuvi walipata habari kwamba serikali yafikiri kujenga kwao mtambo wa umeme wa nyuklia, na mwaka 2024 waliandamana kuukataa. Nasi tunayo urani katika nchi yetu, kwenye mto Mkuju wilayani Namtumbo.

Yafaa kwanza tujue kazi ya mtambo huo. Si bomu. Chembe za urani zikipasuliwa hutoa joto kubwa. Joto huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mashine, kama maji ya Kidatu yazungushavyo mashine zao tangu 1975. Tofauti ni hii: Kidatu ukifunga maji, mashine hulala na kazi imekwisha. Urani hailali hivyo. Hata kupasuka kwake kukikomeshwa, huendelea kutoa joto siku nyingi, na isipopozwa huyeyuka. Ndivyo ilivyokuwa Fukushima katika Japani, tarehe 11 Machi 2011. Nchi ilipotetemeka vinu vilizimika kama ilivyopasa, lakini wimbi la bahari likazamisha mashine za umeme wa kupozea, na vinu vitatu vikayeyuka. Watu zaidi ya 100,000 walihama makwao.

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Moshi wa makaa ya mawe huua watu wengi sana kila mwaka, na moshi wa kuni jikoni mwetu vivyo hivyo (nao hatuuandamani!). Mtambo wa Koeberg, karibu na Cape Town, watoa umeme tangu 1984, wala majirani zake hawajapatwa na msiba kama ule wa Japani. Kwa hiyo wako wasemao: mvuvi wa Uyombo aogopa kwa kutojua, mfundisheni, naye atakubali.

Hapo hatukubaliani nao. Hesabu yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado ruhusa haijaombwa. Tena tukumbuke Chernobyl. Kinu kilipasuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, na mji wa Pripyat ulikuwa umbali wa kilometa tatu hivi. Asubuhi ile watoto walicheza nje kama siku zote. Watu hawakuondolewa mpaka mchana wa tarehe 27. Katika wilaya za jirani watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye sumu ya mionzi, na baadaye maelfu yao wakapata saratani ya tezi ya shingoni. Neno moja tu, "msinywe maziwa haya", lingaliwaokoa wengi. Mashine iliharibika, ni kweli. Lakini madhara haya ya maziwa yaliletwa na kunyamaza kwa waliojua.

Pengine msomaji atauliza: je, taifa zima likose umeme kwa ajili ya kijiji kimoja? Neno hili ni zito, wala hatulitupi. Mabwawa mengi yamejengwa na watu wakahamishwa, na leo twafurahia taa zake. Lakini atakaye kuweka hatari mlangoni pa mwenzake, kwanza na amweleze yote, mabaya pamoja na mazuri. Kijiji na kiwe na kipimo chake cha mionzi, kisomwe na mtu wake, wala si na mwenye mtambo peke yake. Iwepo na njia ya kukimbilia, iliyojengwa kabla ya kinu. Kisha watu waulizwe, na jibu la "hapana" lihesabiwe kuwa ni jibu. Na mwenye mtambo akisema kwamba mambo hayo yatamchelewesha miaka miwili au mitatu, sisi twaona heri achelewe.