Ndege wa Delta na Kazi za Mikono Yetu

LESONI YA 6

Fungu la kukariri: Mathayo 6:26.

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 31:1–18, Kutoka 35:30–35, Kumbukumbu 4:15–19, Zaburi 104:10–24, Yeremia 8:7, Mathayo 6:25–34, Mathayo 13:3, 4, Luka 12:24.

SABATO ALASIRI

Mpunga unapotoa masuke katika bonde la Rufiji, familia nyingi huhamia dunguni. Tangu alfajiri hadi jua kuzama, wakubwa kwa watoto huamia ndege: hupiga madebe, huvuta kamba, hurusha mawe kwa kombeo. Kwa mkulima wa Kibiti au Ikwiriri, ndege ni mwizi kwanza. Kwa hiyo agizo la Yesu la kuwatazama ndege laweza kusikika kama neno la mtu ambaye hajawahi kulima.

Lakini Yesu aliijua hasara hiyo. Yeye yule aliyehubiri mlimani ndiye aliyesimulia habari za mpanzi ambaye sehemu ya mbegu zake ililiwa na ndege (Mathayo 13:4). Juma hili tutajifunza kwa nini Bwana anamfanya mwizi wa mpunga kuwa mwalimu, na mwalimu huyo ana somo gani kwa wale waliopewa kipawa cha kuchora, kusuka, kuchonga au kufinyanga.

JUMAPILI: Kutazama ni Kazi

Soma Mathayo 6:26 na Luka 12:24. Yesu anatutaka tufanye nini ili tuache kusumbuka?

Katika Kiyunani, neno lililotumika katika Mathayo lina maana ya kukaza macho. Lile la Luka lina maana ya kufikiri kwa makini mpaka mtu aelewe. Si kutupia jicho na kupita.

Ukikaa kimya ukingoni mwa delta, pale Nyamisati maji yanapokupwa, utaona mengi. Mdiria hutulia juu ya tawi la mkoko, kisha hujitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki. Vitwitwi hukimbia juu ya matope wakidonoa. Furukombe, mwenye kichwa cheupe, hulia kutoka juu ya mti mrefu. Kila mmoja ana mdomo uliofaa chakula chake na miguu iliyofaa mahali pake.

Mtunga Zaburi alitazama hivyo. Katika Zaburi ya 104 anawataja ndege kwenye matawi kando ya maji, na korongo katika misunobari. Kisha, katika fungu la 24, anaishangaa hekima ya Muumba. Wimbo wake ulianzia machoni. Mtoto anayechora ndege bila kumtazama huchora ndege yeyote. Aliyemtazama humchora mdiria.

JUMATATU: Mnana na Fundi

Mnana dume huuma ukingo wa jani la mnazi, hulishika kwa mdomo, kisha huruka nalo likachanika utepe mrefu. Huanza na pete moja iliyofungwa kwenye tawi, halafu husuka ukuta na paa kwa mdomo na miguu tu. Jike huja kukagua. Kiota kikikataliwa, dume huweza kukibomoa na kuanza upya.

Akina mama wa Rufiji wanaijua kazi hiyo. Ukindu hukatwa, huchanwa, huanikwa, hutiwa rangi, husukwa kuwa ukili, na kili hushonwa pamoja kuwa mkeka. Ukikosea hesabu ya nyuzi, nakshi huharibika na lazima ufumue.

Soma Kutoka 31:1–11. Bezaleli alipewa nini, naye alipewa na nani?

Bezaleli hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi, na Mungu alimjaza Roho apate kubuni na kutenda kazi ya dhahabu, mawe na miti. Basi tujihadhari tunapomwambia kijana kwamba kuchora ni kupoteza muda, au tunapomwona mama msusi kuwa mtu asiye na karama kanisani kwa sababu hasimami mimbarani.

JUMANNE: Kibao na Rangi ya Baiskeli

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi yetu, upande wa Tunduru. Hakusomea uchoraji. Akiwa Dar es Salaam, mnamo mwaka 1968, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao vya mraba vya kuezekea dari, kwa rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Vifaa vilikuwa vya bei nafuu. Alichoongeza yeye ni jicho lake na kumbukumbu za mazingira aliyokulia. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo.

Kwa nini basi jina lake lingali linatajwa duniani? Kwa sababu alifundisha. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wachache, baadhi yao ndugu zake, nao wakawafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama chao cha ushirika.

Soma Kutoka 35:30–35. Pamoja na ufundi, Mungu aliweka nini moyoni mwa Bezaleli na Oholiabu?

Fungu la 34 linataja kufundisha. Kipawa kisichofundishwa hufa na mwenyewe. Ni nani katika kanisa lako anajua jambo ambalo hakuna kijana anayejifunza kwake?

JUMATANO: Ndege si Mungu, Ndege si Mkosi

Soma Kumbukumbu 4:15–19. Mungu alikataza nini, na kwa sababu gani?

Wengine husoma mafungu haya wakaogopa kila picha. Lakini Mungu yule yule aliagiza makerubi wenye mabawa katika hema yake. Alichokataza ni kufanya mfano ili kuusujudia. Picha inayomwelekeza mtu kwa Muumba ni ushuhuda. Picha inayochukua nafasi ya Muumba ni sanamu. Hata nyoka wa shaba, aliyetengenezwa kwa agizo la Mungu, ilibidi avunjwe watu walipoanza kumfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4).

Kuna hatari ya pili, iliyo karibu nasi zaidi. Bundi akilia juu ya paa usiku, wako washiriki wanaokosa usingizi, na wapo wanaomwua asubuhi wakidhani wameondoa kifo nyumbani. Bundi hula panya wanaomaliza mpunga ghalani. Aliyeumbwa siku ya tano na kuitwa mwema hana mamlaka juu ya uhai wako. Anayemwamini Kristo na bado anamwogopa bundi amegawanya ibada yake.

ALHAMISI: Mafuriko na Mteja wa Sabato

Mwezi Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na familia nyingi zikahama. Mama aliyepoteza mpunga wote, na kubaki na ukili mkononi, aambiwe nini na Mathayo 6?

Yesu hakusema kwamba ndege hawapatwi na mabaya. Alisema shomoro huanguka, na Baba anajua (Mathayo 10:29). Ahadi si kwamba maji hayatafika. Ahadi ni kwamba hakuna anayesahauliwa yakifika. Na ndege hulishwa akiwa katika shughuli yake: mdiria huvua, mnana husuka. Tena Baba huwalisha watu wake kwa mikono ya ndugu. Kanisa linalomsomea mama huyo Mathayo 6 na kuondoka bila kununua mkeka wake halijamaliza kusoma.

Sasa soma Kutoka 31:12–17. Kwa nini amri ya Sabato inafuata mara tu baada ya wito wa mafundi?

Hata hema ya Mungu ilisubiri siku ya saba. Mama huyo huyo, mwenye deni dukani, akijiwa na mteja kutoka barabara kuu asubuhi ya Sabato, anajaribiwa kweli. Tusilifanye jambo hilo kuwa dogo. Akimwomba mteja arudi jua likizama, huenda mteja asirudi. Hapo ndipo imani yake inapopimwa, na hapo ndipo darasa lake lipaswapo kuwa karibu naye.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Ellen G. White, katika kitabu chake cha Elimu kilichotoka mwaka 1903, alitenga sehemu nzima kwa mafundisho yatokanayo na maumbile. Sisi wa delta tuna kitabu hicho kikiwa wazi mlangoni. Msitu wetu wa mikoko ni mkubwa kuliko mingine yote Afrika Mashariki, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu.

Baadhi ya vitwitwi wanaokula katika matope yetu walizaliwa Siberia. Wakubwa hutangulia kuondoka; makinda hufuata baadaye bila mzazi wa kuwaongoza, na hufika. Yeremia aliona jambo la namna hii (Yeremia 8:7), akasikitika kwamba ndege wanajua majira yao, lakini watu wa Bwana hawaijui hukumu yake.

Maswali ya Kujadili

1. Mkulima anawezaje kulinda mpunga wake dhidi ya ndege na bado kujifunza kwao? Taja mfano wa shambani kwako.

2. Darasa lenu litafanya nini kwa mshiriki ambaye utii wa Sabato umemkosesha mauzo?

3. Kuna hofu gani za ndege au wanyama ambazo bado zimo katika nyumba zetu? Tuzungumze nazo vipi bila kumdharau mwenye hofu?

4. Sabato hii jioni, watoeni watoto nje wakamtazame ndege mmoja kwa nusu saa. Jumapili wape karatasi wamchore. Wamegundua nini ambacho ninyi wazazi hamkuwahi kukiona?