Gari la Umeme na Haki ya Jirani

Siku hizi yamezidi mazungumzo juu ya motokaa zinazokwenda kwa umeme, zisizotiwa petroli wala dizeli. Wako wanaozisifu hata wakadhani kuwa mtu akinunua gari la namna hii amekwisha kutimiza wajibu wake kwa walimwengu wote. Na wako wanaozipinga kwa kuwa ni jambo geni tu, na kila geni kwao ni baya. Sisi hatumo katika kundi hili wala lile. Kitu hakiwi chema kwa upya wake, wala hakiwi kibaya kwa ugeni wake. Hupimwa kwa manufaa yake na madhara yake, kisha huulizwa ni nani apataye manufaa hayo, na ni nani ayabebaye madhara. Swali hili la mwisho ndilo tunalotaka kulitazama leo, kwani ndilo linalosahauliwa, na hapa kwetu wako watu waliokwisha kulilipia kwa afya za watoto wao.

Kwanza na tulipe gari hili haki yake. Gari la umeme halitoi moshi liendapo. Mtu aliyesimama katika foleni ya feri pale Likoni saa za jioni, malori na matatu yakinguruma mbele yake na nyuma yake, hahitaji kufundishwa neema ya gari lisilo na moshi. Tena, injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu za mafuta yake kwa joto lisilo na kazi, na mota ya umeme hugeuza sehemu kubwa ya nguvu zake kuwa mwendo. Wala si uzushi wa jana: mwaka 1897 zilikuwako teksi za umeme London na New York. Zilishindwa na petroli kwa kuwa betri zao za risasi zilikuwa nzito mno na safari zao fupi. Lililobadilika katika zama zetu ni betri.

Na ndani ya habari hii imo nyingine inayotupendeza zaidi, nayo ni kuligeuza gari kuukuu likawa la umeme. Ulaya wako watu wenye Volkswagen na Land Rover za zamani ambao huziondoa injini zake na kuzitia mota. Hapa Kenya kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza kazi yake kwa kugeuza hivyo magari ya dizeli yanayopeleka watalii mbugani. Fundi huondoa injini, tangi la mafuta na ekzosi; huweka mota, betri, na chombo cha kuongoza umeme baina ya viwili hivyo. Bodi, chesi na magurudumu hubaki. Hapa pana jambo la kusifiwa, nalo ni kutofuja. Chuma kilichokwisha kuchimbwa, kuyeyushwa na kusafirishwa baharini hakitupwi kwa sababu moyo wa gari umechoka. Mafundi wetu wa Kisauni na Changamwe, ambao kwa miaka mingi wameyafufua magari yaliyokatiwa tamaa na wenyewe, hawataona ugeni katika fikra hii. Wanalohitaji ni kufundishwa elimu ya umeme wenye nguvu nyingi, kwani umeme huo huua.

Yaweza kusemwa: je, umeme wenyewe watoka wapi? Ikiwa watoka katika mafuta, si tumelihamisha dohani tu? Swali hili ni la haki, na jawabu lake kwa Kenya ni zuri. Watu wa Changamwe walikaa miaka hamsini na kiwanda cha kusafishia mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Na pale Kipevu umeme mwingi umepatikana kwa kuchoma mafuta mazito. Lakini umeme wa nchi hii kwa jumla sasa watoka zaidi katika mvuke wa ardhini huko Olkaria, ulioanza kutumika mwaka 1981. Katika maji ya Mto Tana. Na katika upepo wa Turkana, ambako mitambo yake ina uwezo wa megawati 310. Ukikusanya haya pamoja na jua, huwa ni kama sehemu tisa katika kumi za umeme wote wa nchi. Basi mwenye kusema kuwa gari la umeme hapa kwetu ni safi liendapo barabarani amesema kweli. Na aongeze kuwa petroli yote tunainunua kwa fedha za kigeni, na mvuke wa Olkaria hatuununui kwa mtu.

Lakini wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya gari hili ni betri.

Katika Mikindani, upande huo huo wa Changamwe, kiko kitongoji kiitwacho Owino Uhuru, chenye wakazi wapatao elfu tatu. Mwaka 2007 kilifunguliwa ubavuni mwake kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi iliyomo ndani yake. Kwa mtazamo wa mbali kazi hiyo ni njema: betri zilizokufa hazitupwi, madini yake hurudi sokoni, na watu hupata ajira. Kwa waliokuwa wakilala ukutani mwake mambo yalikuwa mengine. Moshi wake uliingia majumbani, na maji yake machafu yakapita baina ya nyumba. Risasi ikaingia katika damu za watu. Na risasi katika mwili wa binadamu haina kipimo kijulikanacho kuwa ni salama. Hudhoofisha akili ya mtoto anayekua, huharibu damu na mafigo, na huharibu mimba. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha kuwa ni risasi. Akasimama kuwatetea wanakijiji, akakamatwa, akaendelea. Na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kufungwa mwaka 2014.

Kesi ya wanakijiji ilihukumiwa hapa Mombasa Julai 2020, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa kuvunjiwa haki yao ya mazingira safi, haki iliyoandikwa katika Katiba ya mwaka 2010. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia ile. Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka, ewe msomaji: tangu kiwanda kufunguliwa hata hukumu ya mwisho ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikwisha kuwa kijana, na madhara yaliyoingia katika ubongo wake hayarudishwi kwa hukumu wala kwa fedha.

Atasema msema: mwachanganya mambo. Betri za Owino Uhuru ni zile za risasi, za kuwashia injini za petroli. Gari la umeme huendeshwa kwa betri ya lithiamu, na hiyo haina risasi. Twajibu: ni kweli, na hatukusema kuwa sumu ni ile ile. Tumesema kuwa mwenendo wa watu ni ule ule. Kila mwenye motokaa mjini alitumia betri yake mpaka ikafa, akaiacha kwa fundi au akamwuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu, akaenda zake na moyo safi. Hakumdhuru mtu kwa mkono wake. Walakini jumla ya betri zile zilizoachwa na watu wema ndiyo iliyoyeyushwa mlangoni pa maskini. Betri ya gari la umeme ina uzito wa mamia ya kilo. Ikipasuliwa ovyo huweza kushika moto mgumu kuzimika na kutoa moshi wenye sumu. Ikiwa tuliishindwa betri moja ndogo, kwa nini tujiamini na hii kubwa bila ya kujiandaa?

Na tusisahau kuwa bandari yetu ni mlango wa magari yaliyokwisha kutumika. Sheria ya nchi yaruhusu gari lisilozidi umri wa miaka minane. Kwa gari la petroli umri huo ni wa kati. Kwa betri ya gari la umeme huenda ukawa ni mwanzo wa uzee. Maana yake ni kwamba mwenyewe wa kwanza, huko ng'ambo, hupata miaka mizuri ya betri, na sisi tukauziwa miaka yake ya mwisho pamoja na mzigo wa kuizika. Gari hilo hutufikia kwa bei rahisi, kwa sababu sehemu ya bei yake haijalipwa bado.

Upande wa pili wa kamba uko Kongo. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yatumikayo katika betri nyingi za lithiamu, huchimbwa katika nchi ya Katanga ya zamani, pande za Kolwezi, kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Mwaka 2016 Amnesty International ilitoa taarifa yake juu ya wachimbaji wadogo wa huko, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Ni kweli kwamba ziko betri za lithiamu zilizotengenezwa kwa chuma na fosfeti, zisizo na kobalti kabisa. Jambo hili lapaswa kumfurahisha mnunuzi na kumfanya aulize. Lakini ni wangapi huuliza? Mtu huuliza rangi, huuliza mwendo, huuliza bei. Hamwulizi mwenye duka ni mikono ya nani iliyochimba.

Hapa ndipo penye swali la maadili lenyewe. Je, usafi wa mtu mmoja ukipatikana kwa kumsogezea jirani uchafu, waitwa usafi? Wanazuoni wa sheria wametuwekea kanuni mashuhuri, ya kwamba dhara haliondolewi kwa kutia dhara jingine mfano wake. Mwenye kufagia ua wake na kumwaga taka katika ua wa mwenziwe hakufagia chochote, amehamisha. Na jirani katika zama zetu si yule wa ukuta wa pamoja tu. Biashara imeufanya mji wa Kolwezi kuwa jirani wa Kisauni, kwani tunakula naye sahani moja bila ya kuonana uso.

Wako watakaosema: basi mwataka turudi kwenye petroli, nayo ina madhara yake makubwa? La. Tumekwisha kusema kuwa gari la umeme lina fadhila, na petroli nayo imewadhuru watu wengi, katika nchi zinakochimbwa mafuta na katika mapafu ya wakazi wa miji. Tunalosema ni kwamba jambo jema lina masharti yake, na kuacha masharti kwa sababu ya wema wa jambo ni kuuharibu wema wenyewe. Mwenye kujenga msikiti katika kiwanja cha kunyang'anya hapati udhuru kwa kuwa amejenga msikiti.

Masharti yenyewe yawezekana. La kwanza, mnunuzi asilipe fedha zake kabla ya kuuliza betri ni ya namna gani, imebaki na nguvu kiasi gani, na ni nani atakayeipokea ikichoka. Asipopata jawabu la swali la tatu, na ajue kuwa jawabu ni yeye. La pili, betri iliyochoka kwa gari haijafa. Yaweza kuweka umeme wa jua wa nyumba, wa duka au wa madrasa kwa miaka mingine, na hii ndiyo njia bora ya kutofuja. La tatu, mwenye kuuza abaki na dhamana. Kampuni ya BasiGo, ambayo mabasi yake ya umeme yameunganishwa hapa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, imeonyesha mfano mmoja: mwenye basi hununua gari, na betri huikodi kwa kila kilomita aendayo. Ambaye betri ni mali yake hawezi kujifanya haijui siku ya kufa kwake. Na sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imekwisha kumtwika mtengenezaji na mwenye kuingiza bidhaa jukumu la mabaki ya bidhaa yake. Sheria hiyo yataka watu wa kuidai, kwani Owino Uhuru haikukosa sheria. Ilikosa wa kuisimamisha mapema.

Na la nne ni letu sisi tusionunua gari lolote. Siku kitakapotafutwa kiwanja cha kufungulia betri hizi, hakitatafutwa Nyali. Kitatafutwa Mikindani, au Miritini, au nyuma ya Likoni, mahali penye watu wasiojua pa kupeleka malalamiko. Yatupasa tuwe tumekwisha kuuliza kabla ya tanuri la kwanza kuwashwa: moshi utaelekea wapi, maji yatatokea wapi, na ni nani atakayepima damu za watoto. Mwaka 2007 maswali haya hayakuulizwa na wengi, kwa kuwa kijiji kile hakikuwa chao.