Maslaha ni ya Nani?

Hapana neno litumikalo sana katika mabaraza yetu ya Griftu, na Wajir nzima, kama neno maslaha. Mwanamke akiingiliwa kwa nguvu, wazee wa koo mbili hukutana, ngamia hutolewa, mikono hupeanwa, na mashitaka huondolewa polisi. Husemwa: amani imepatikana. Nasi twauliza: amani ya nani? Ngamia wamekwenda kwa jamaa zake. Yeye hakuitwa wala hakuulizwa, na aliyemdhulumu angali akipita njia ile ile aendayo yeye kisimani.

Hatusemi kuwa suluhu ya wazee ni mbaya. Mwaka 1993, vita vya koo vilipoiunguza Wajir, wanawake ndio waliotangulia, wakaafikiana kuwa mwanamke wa ukoo wo wote auze na anunue sokoni pasi na kubughudhiwa. Kisha wazee wakafuata, wakatoa azimio la Al-Fatah. Miongoni mwa walioanzisha juhudi ile ni marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyeendelea kuwafundisha watu ilimu ya amani hata ng'ambo, akapata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki Julai 2011. Basi usalama wa nchi yetu ulianzia kwa usalama wa mwanamke sokoni. Yawaje leo anyimwe fungu lake katika amani hiyo?

Imam Ghazali ameeleza kuwa maslaha ni kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Suluhu ilipayo mali na kuiacha nafsi imechukua jina la maslaha tu.

Watasema wengine: kesi ikifika mahakamani, koo zitapigana. Twajibu: koo hupigana pale ukoo unapolibeba kosa la mtu mmoja likawa lake. Dhalimu akibeba dhambi yake mwenyewe, watagombania nini? Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kuwa kumsaidia ndugu aliye dhalimu ni kumzuia na dhulma yake, wala si kumlipia. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa haya haikuwapa jamaa uwezo wa kuifuta kesi.

Basi, enyi wazee wetu, patanisheni katika malisho na visima. Huko mna ujuzi na shukrani zetu. Lakini heshima ya binti ya mtu si malisho. Aitwe, asikizwe, na aliyemdhulumu afikishwe mbele ya hakimu. Wabillahi tawfiki.