Nishani Aliyoiruka

Adrian Carton de Wiart alizaliwa Brussels mwaka 1880, akawa mwanajeshi wa Uingereza. Novemba 1914, akiwa na Kikosi cha Ngamia huko Somaliland, alipigwa risasi usoni akapoteza jicho la kushoto. Mwaka uliofuata, Ubelgiji, kombora lilimsaga mkono wa kushoto. Daktari alikataa kumkata vidole vilivyokuwa vikining'inia, Carton de Wiart akaving'oa mwenyewe. Julai 1916 yuko La Boisselle, Ufaransa, anaongoza batalioni huku akichomoa pini za mabomu kwa meno. Kwa mapigano hayo alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi lile.

Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta mtu mzima. Waitalia walimteka 1941. Mwaka 1943, akiwa na miaka 62 na mkono mmoja, alitoroka kwa handaki walilochimba wafungwa, akawa huru siku nane tu.

Mwaka 1950 alichapisha kumbukumbu zake. Jicho limo, vidole vimo, handaki limo. Msalaba wa Victoria hakuutaja.

Simsimamishi madhabahuni, wapendwa. Aliandika bila haya kwamba vita ya kwanza aliifurahia, na hapo siwezi kumfuata. Ila kwa kuiruka nishani ile amenigusa, maana kwetu mtu akitoa mifuko miwili ya saruji jina lake lisiposomwa, Jumapili ijayo humwoni.

Wakorintho nao walitaka sifa. Walikuwa wamepata mitume wenye kujinadi, wakamwona Paulo si kitu. Katika 2 Wakorintho 11 anakubali kujisifu, huku akisema kwamba ananena kama mpumbavu. Anahesabu mapigo, vifungo, njaa, kuvunjikiwa na merikebu mara tatu. Halafu anamalizia na jambo la aibu tupu: Dameski, akimkimbia liwali wa mfalme Areta, aliteremshwa ukutani ndani ya kapu.

Jeshi la Roma lilikuwa na taji la dhahabu kwa askari wa kwanza kuupanda ukuta wa adui. Korintho ilikuwa koloni la Roma. Huenda taji hilo halikuwa geni kwao. Na mtume wao anajitambulisha kwa kuteremka.

Wiki hii isomeni sura hiyo mpaka mstari wa 33. Wengi wetu huishia kwenye merikebu.