Joho la Paulo na Baridi ya Njombe



Sura ya mwisho ya Waraka wa Pili kwa Timotheo tunaipenda kwa yale mazito: vita vilivyopiganwa, mwendo uliomalizwa, taji lililowekwa akiba. Tukifika kwenye taji tunafunga kitabu. Mtume Paulo mwenyewe hakufunga. Mistari michache baadaye, mfungwa huyu aliyekwisha kujua kwamba hatoki anaagiza joho lake. Aliliacha Troa, nyumbani kwa Karpo. Anataka Timotheo amletee, pamoja na vitabu, na kabla ya kuaga anamsihi ajitahidi kufika majira ya baridi yakiwa bado hayajaingia.

Mahubiri juu ya taji nimesikia mengi. Juu ya joho, machache mno.

Huyu ni mtu ambaye moyo wake umeshavuka, na bado hataki kutetemeka. Hamwachii Mungu kazi ambayo nguo inaweza kuifanya. Anajua baridi inakuja, nguo iko wapi na nani wa kumtuma. Tena anajua kwamba njia itafungwa. Katika Bahari ya Mediterania ya siku zile, kuanzia karibu Novemba mpaka Machi vyombo vingi vilitulia bandarini. Timotheo akizubaa, joho lingefika baridi imekwisha, na pengine mwenye joho hayupo.

Somo hilo Paulo alikuwa amelipata majini. Matendo 27 inasimulia alivyowaonya wenzake kwamba siku ya Kufunga imeshapita na safari sasa ni ya hatari. Akida aliyewasindikiza akaona heri awasikilize nahodha na mwenye merikebu, watu wenye utaalamu wao. Watu 276 waliokuwamo walipona wote, lakini merikebu ilivunjikavunjika. Walipojikokota hadi nchi kavu huko Melita, wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Moto huo tutaurudia.

Sisi tunaoishi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hatuna haja ya kuelezwa baridi ni nini. Mei inaisha, na mnaolima kule Makete mnajua sakitu inavyoweza kuyababua majani ya viazi usiku mmoja. Kwa viazi tunajipanga mapema. Kwa miili yetu tunangoja mpaka mtu aanze kukohoa.

Nianze na jiko, maana linaua watu waliolala. Kila msimu wa baridi tunasikia habari ileile, mara mji huu, mara ule: familia imeingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga mlango na dirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Na kila mara wapo wanaonong'ona kwamba ni uchawi. Si uchawi. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinafuata, pengine kichefuchefu, halafu usingizi mzito. Watu wengi huamini kwamba jiko likishakolea, makaa yakawa mekundu na moshi umekwisha, hatari nayo imekwisha. Hapo ndipo tunapodanganyika, kwa sababu moshi unatufukuza chumbani na hewa hii haimfukuzi mtu. Wale wenyeji wa Melita waliwasha moto wao nje. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke, libaki nje mpaka asubuhi. Mkiamka nyumba nzima vichwa vinauma, tokeni kwanza nje, maswali baadaye, na nendeni hospitali.

Kwa akina mama na akina bibi wanaolea: mtoto akikohoa, msihesabu siku za kikohozi tu, hesabuni pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, shika simu yenye saa, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hiyo huenda ni nimonia. Zahanati leo, si kesho. Na ukiona anapovuta pumzi sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwenda ndani, usingoje hata kumaliza kuhesabu. Nimonia inaua watoto wa chini ya miaka mitano duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote wa kuambukiza. Chanjo yake ipo, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo kadi za kliniki zitazameni sasa.

Vijana wetu wengi wakati huu wako bonde la Usangu kwenye mavuno ya mpunga, ambako malaria ipo. Huku kwetu malaria ni adimu, na kwa sababu hiyo miili yetu haijaizoea. Kijana akirudi Juni na homa, nyumbani wanasema ni baridi imempiga, anapewa chai ya tangawizi na blanketi la pili. Chai ni njema. Apimwe lakini, hata kama homa imeanza wiki mbili baada ya kurudi.

Kuhusu pombe ya komoni sitasema mengi, maana mnajua msimamo wangu, na yupo mzee atakayenikumbusha kwamba Paulo huyohuyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Kidogo, mzee wangu, na kwa ajili ya tumbo. Pombe huipeleka damu kwenye ngozi, unajisikia moto, kumbe joto la mwili linakutoka. Anayelala njiani usiku wa Julai akiwa amelewa anaweza asiamke.

Baridi huelekea kupandisha presha, na wazee wetu wakiona baridi huacha kunywa maji. Wengine huacha na dawa, kwa kuwa kliniki ni mbali na asubuhi kuna ukungu. Hapa ndipo Timotheo anapohitajika. Paulo alikuwa na mtu wa kumwagiza. Katika usharika wetu kuna bibi anayeishi peke yake, watoto wako Dar es Salaam, na hawezi kuomba blanketi kwa sababu anaona haya. Wazee wa kanisa, katika jumuiya zenu wiki hii piteni nyumba za namna hiyo. Ingieni mpaka chumbani anakolala, mwone anajifunika nini, na muulize dawa za presha zimebaki ngapi. Nanyi mlioko Dar, msingoje kupigiwa simu. Sweta la mtumba sokoni Njombe leo bado lina bei ya kuzungumzika. Ikifika Julai, wauzaji wanajua tunatetemeka.