Suluhu na Haki ya Mpangaji

Tangu ilipoamuliwa mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na hasa serikali ilipoanza kuhamia huko kwa wingi baada ya mwaka 2016, vyumba vya kupanga katika kata kama Makole vimezidi kutafutwa. Mara nyingi mwenye nyumba na mpangaji hutumia ua mmoja na bomba moja. Wakigombania kodi, hukumu haiwaondolei ujirani. Kesho watakutana tena bombani.

Kwa sababu hiyo twaona busara katika mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyoliondolea Baraza la Kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, likabakiwa na kazi ya kupatanisha. Roho hiyo yafaa pia katika ugomvi wa kodi.

Lakini je, kila amani ni haki? Mpangaji anayeogopa kulala nje na watoto wake huweza kuinunua amani kwa haki yake. Mwenye nyumba aking'oa mlango ili kumfukuza, kugawanya lawama nusu kwa nusu si kupatanisha, bali ni kumbariki mwenye nguvu.

Wahenga waliposema mnyonge hana haki, hawakusifu, walilalamika. Hatuna budi, basi, kumtaka mpatanishi aitaje haki kwanza, ndipo aombe watu wasameheane. Aijuaye haki yake akaisamehe, ametoa, asiyeijua amenyang'anywa.